Jembe Lililopelekwa Magamba

Hotpoti ilirudi.

Nyie mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka tulipomwacha Scolastica. Alikuwa kwenye kidirisha cha gereza pale Mpanda mjini, jasho linamtoka, anasubiri mwanawe Kasimiri aitwe. Badala ya Kasimiri akatokea Sajenti Rafaeli na ile hotpoti mkononi. Ugali umo, migebuka imo, imepungua lile tonge moja tu alilolionja mama mwenyewe mbele ya askari.

"Mama, chukua chakula chako," akasema sajenti. "Kijana anasema yeye hana mama."

Scolastica akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Afande, mmekosea mtu. Mimi namtaka Kasimiri wa Kasokola. Mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi."

"Ndiye huyohuyo. Kovu nimeliona."

"Anaumwa?"

"Mzima."

"Kapigwa?"

"Nani ampige, mama? Asubuhi nimemwacha anafua."

Nyuma kwenye foleni mwanamke mmoja akapaza sauti. "Jamani, tusogee! Kama chumvi imezidi akapike tena!" Watu wakacheka, maana pale getini mtu hucheka ili asilie.

Wewe unayesoma leo kwa mara ya kwanza, jua hivi. Kasimiri ni mahabusu. Anashtakiwa kwamba alimkata panga Malale, mtoto wa mzee Luhende, siku ng'ombe wa mzee huyo walipoingia kwenye mahindi ya akina Scolastica. Kasimiri amekana. Dhamana ipo, ila pale kijijini kila aliyeombwa kumdhamini alikumbuka safari. Tangu hapo mama huyu hajakosa Jumamosi hata moja. Anapika alfajiri, anapanda bodaboda, anajiandikisha, anaonja, anakaa kwenye benchi anasubiri kumwona mwanawe kupitia wavu.

Sajenti Rafaeli ni Mnyamwezi, na Scolastica ni Mfipa, kwa hiyo ni watani. Kila Jumamosi lazima amchokoze. "Onja na kichwa cha samaki, mtani, nyie Wafipa siwaamini." Au, "Hiyo radi yenu ya kuroga watu umeiacha nyumbani?" Scolastica humjibu, foleni nzima inafurahi.

Leo hakumtania. Hapo ndipo Scolastica alipoogopa.

"Kuna maneno kanipa," sajenti akasema, ameinama kidirishani. "Nakupa kama alivyonipa. Kasema, 'Mwambieni mama aache kwenda Magamba. Siku atakayoacha kwenda kwa akina Malale, ndiyo siku nitakayokula chakula chake.'"

"Mimi nakwenda kumtetea!"

"Sikiliza, sijamaliza. Jumatatu kesi yake ipo, na ameshasema anataka kukiri kosa."

"Kukiri nini? Si alikana?"

"Amebadili. Na akishakiri, mtani, hakimu akamfunga, hiyo hotpoti utaiweka kabatini. Mahabusu analetewa chakula cha nyumbani. Mfungwa haletewi. Halafu mfungwa si wa hapa tu. Leo Mpanda, kesho wanampakia kwenye gari, utamsikia yuko Mbeya, yuko Tabora, yuko ambako nauli yako haifiki."

"Hakukata mtu, afande."

"Basi mwambie asikiri."

"Nitamwambiaje na hataki kuniona?"

Sajenti Rafaeli akasukuma hotpoti mpaka ukingoni mwa dirisha, akaita, "Anayefuata!"

Lidia, mke wa Kasimiri, alikuwa amekaa nje chini ya kibanda cha bati, mtoto wao Deogratias amelala mgongoni. Siku hizi Lidia hakuwa akifika dirishani. Anasema akiona lile geti kichwa kinamuuma. Scolastica alishaanza kumwona mvivu wa mapenzi, ila alimezea.

Lidia akaiona hotpoti kwanza, kabla hajamwona mama mkwe.

"Hajala?"

"Kasema hana mama."

Lidia akainamisha kichwa, wala hakushangaa. Scolastica akaliona hilo, nalo likamchoma kuliko maneno ya askari.

"Ulikuwa unajua!"

"Mama, tuondoke hapa, watu wanasikia."

"Acha wasikie! Ulikuwa unajua nini?"

"Najua la jembe."

Wazazi wenzangu, hapa inabidi niwasimamishe, maana hili la jembe ndilo linalonifanya niandike hadithi hii.

Katika ukoo wa Scolastica, damu ya mtu ikidondoka shambani kwako unampelekea aliyeumia jembe jipya lisilo na mpini. Si lazima wewe ndiye uliyeimwaga damu hiyo. Hata mtu akijikata mwenyewe, madhali ni shamba lako, unapeleka. Unaliweka mlangoni kwake. Husemi neno. Hukai. Hata maji hunywi. Unageuka unaondoka bila kuangalia nyuma. Usipofanya hivyo, ardhi inakataa mbegu. Bibi yake alimfundisha hivyo, naye bibi alifundishwa na wa kwake.

Kwa hiyo Malale alipokatwa, Scolastica alifanya kama alivyolelewa. Akaenda sokoni Majengo, akanunua jembe, akalifikisha Magamba kwa mzee Luhende, akaliweka mlangoni, akaondoka. Mwenye nyumba anamwita, "Mayu, mama, karibu maji!" Yeye huyo, kanga inapepea.

Sasa mzee Luhende ni Msukuma, alihamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Ya ukoo wa Scolastica atayajulia wapi? Alichoona ni mama wa mshtakiwa ametupa jembe mlangoni, amekataa maji, amekimbia. Kwao mtu hafanyi hivyo bure. Akasema, huyu kakiri kwa niaba ya mwanawe. Akalibeba jembe mpaka polisi.

"Siku ile kesi ilipotajwa, ulipokuwa na malaria," Lidia akasema kwa sauti ya chini, "mwendesha mashtaka alisema ana shahidi mpya. Mzee Luhende. Na jembe nimeliona pale mezani kwa macho yangu, wamelifunga na karatasi ya namba."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje, mama? Kwamba umemfunga mwanao kwa mkono wako?"

Lidia alijuta hapohapo. Lakini neno lilishatoka, na Scolastica lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kumbe ndiyo sababu. Kumbe mwanawe anamkataa kwa ajili ya lile jembe.

"Jumatatu anakwenda kukiri," akasema.

Lidia akaporomoka kutoka pale alipokuwa amekaa mpaka vumbini. Mtoto akashtuka, akaanza kulia.

"Haiwezekani. Tulikubaliana..."

Akaanza kumbembeleza mtoto.

"Mlikubaliana nini?"

"Kwamba... atakana mpaka mwisho."

Scolastica hakuwa na muda wa kuchambua maneno. Alishaamua. Akampa Lidia hotpoti, akamwita bodaboda.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Magamba. Jembe nililiweka bila kusema. Leo nakwenda kusema."

Lidia alimshika kanga. Alimshika kwa mikono miwili, na mtoto analia mgongoni. "Mama, nakuomba. Nakuomba kwa jina la huyu mtoto. Kasimiri mwenyewe kakataza! Watasema unamrubuni shahidi, na wewe watakuweka ndani!"

"Wakiniweka ndani nitamwona mwanangu. Niachie!"

Na bodaboda ikaondoka.

Kwa habari ya shahidi, Lidia alisema kweli. Mzazi mwenye kesi usiende nyumbani kwa shahidi, hata kwa nia njema. Lakini nani aliyewahi kumwambia hivyo Scolastica? Aliishia darasa la saba, na kortini hakuwahi kuingia mpaka alipoingizwa na mwanawe.

Mzee Luhende alikuwa zizini, amembana ndama katikati ya magoti anampaka dawa ya kupe. Akamwona mgeni, hakuinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ehe, leo unaongea?"

"Leo naongea."

"Na maji utakunywa?"

"Nitakunywa."

"Nyanzala!" mzee akamwita mkewe. "Lete maji, yule mama wa jembe amekuja na mdomo!"

Nyanzala akaleta maji kwenye kikombe kikubwa cha bati. Scolastica akayanywa yote bila kupumua, akarudisha kikombe, akafuta mdomo. Kisha akaeleza. Akaeleza la bibi yake, la damu, la ardhi na mbegu, la kutosema na kutoangalia nyuma. Mzee Luhende akamwachia ndama, naye ndama akabaki palepale kama anayesikiliza.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. "Mtu akijikata mwenyewe, shambani kwako, kwa ulevi wake, unampelekea jembe?"

"Ndiyo."

"Na akiumwa na nyoka?"

"Nyoka hahesabiki."

"Damu si inatoka kidogo?"

"Mzee, usinitanie, mwanangu anafungwa."

"Sikutanii, mayu, najifunza. Nyie watu mnatuita sisi washamba!" Luhende akacheka mpaka akashika mgongo. Ghafla kicheko kikamwisha. "Sasa kwa nini hukutuma hata mtu mwingine aje aniambie? Mimi nimelibeba lile jembe mpaka polisi. Nimeapa. Nimesema mama yake amekiri."

"Ukilisemea, haliponyi ardhi."

"Na leo umelisemea."

Scolastica hakuwa amelifikiria hilo. Mzee akamwonea huruma.

"Sikia. Mimi mtu wa ng'ombe, lakini si mtu wa uongo. Jumatatu wakinisimamisha nitasema nilichoona, na nitasema ulichonieleza. Jembe ni la ardhi, si la kosa. Umeridhika?"

Scolastica akapiga magoti. Machozi yakamtoka. Kwa mara ya kwanza tangu Kasimiri akamatwe aliona mwanga. Jembe likiondoka, Kasimiri hatakuwa na sababu ya kukata tamaa. Hatakiri. Jumamosi atakula.

"Inuka, mayu. Usishukuru mapema. Jembe limetoka, panga lipo palepale. Mwanangu kasema aliyemkata ni Kasimiri. Malale! Njoo hapa!"

Malale akaja anaburuta miguu. Kijana mkubwa, kifua kipana, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa na kuning'inizwa shingoni.

"Mwambie mama huyu usoni. Nani alikukata?"

Malale akaangalia ng'ombe.

"Nilishasema polisi."

"Sema na hapa."

"Baba, nilishasema."

"Mwanangu," Scolastica akaita kwa upole, "niangalie. Kasimiri si ndiye aliyekubeba kwa baiskeli mpaka zahanati? Shati lake lilikuwa limelowa damu yako. Mtu akukate, kisha akubebe?"

Malale akainua macho mara moja, akayashusha. Shingo yote ilikuwa imelowa jasho. Akageuka akaondoka, hakuaga.

"Ana hasira bado," mzee Luhende akasema.

Nyanzala, aliyekuwa amesimama pembeni na kikombe chake, akaguna. Akaweka kikombe chini, akajifunga kanga vizuri. "Ngoja nimsindikize mgeni."

Wakatembea wawili, kina mama, mpaka boma likabaki nyuma. Nyanzala akageuka kuangalia kama kuna anayewafuata.

"Mwanao ni mtu wa namna gani?"

"Mkimya. Ukimkosea anakwenda kupasua kuni."

"Alimbeba wangu. Daktari alisema angechelewa kidogo tungekuwa tumezika."

"Ndilo ninalolia nalo kila siku!"

"Na mimi najua," Nyanzala akasema. "Malale aliniambia mimi peke yangu, akiwa bado amelazwa. Si Kasimiri."

Scolastica akamkamata mabega. Kama angekuwa na nguvu zaidi angemwinua juu.

"Unajua na umenyamaza? Mwanangu yuko ndani na wewe unajua?"

"Wako yuko ndani, wangu mkono haukunji! Niachie, mama, unaniumiza. Unadhani nalala? Nimekuwa nikisubiri uje uniulize, na wewe ulipokuja ulitupa jembe ukakimbia. Siku nyingine unakuja unamuulizia mzee tu, mimi huniangalii."

Kweli. Scolastica alifika mara mbili tangu siku ile ya jembe, na mara zote hakumkuta mzee, akaacha salamu kwa huyuhuyu Nyanzala kama anayeacha kwa mtumishi. Mikono yake ikateremka.

"Basi nakuuliza. Nani?"

"Malale haogopi kesi. Anaogopa wimbo."

"Wimbo gani?"

"Nyie hamtujui. Huku kwetu, mavuno yakiisha, vijana wanashindana ngoma. Na manju, waimbaji wetu, wanatunga. Mwaka wanapomtungia mtu, wimbo unatembea, unaimbwa Katavi, unaimbwa mpaka Shinyanga. Kijana anachunga ng'ombe wengi hivi, amepigana na fisi, halafu ajulikane amekatwa na mtu wa namna ile? Hapati mke. Wasichana watamwimba kisimani. Polisi walimuuliza mbele ya baba yake na wajomba zake, akamtaja mwanaume aliyekuwa karibu."

"Kwa hiyo mwanangu anafungwa kwa sababu ya wimbo."

"Ndiyo."

"Nyanzala. Mama mwenzangu. Mtu wa namna gani?"

Nyanzala akavuta pumzi. Akaangalia tena nyuma.

"Aliyemkata," akasema, "alikuwa na mtoto mgongoni."

Njia nzima ya kurudi Kasokola dereva wa bodaboda alimsemesha Scolastica, naye anahesabu kichwani. Ile kanga iliyoshikwa kwa mikono miwili. Lile neno, "Tulikubaliana." Yale maumivu ya kichwa yanayokuja mtu akiliona geti. Mambo yote yalikuwa wazi mbele yake tangu mwanzo, na yeye alikuwa anashinda njiani anatafuta mwenye kosa kwenye nyumba za watu.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Lidia alikuwa nje jikoni anasonga ugali, Deo mgongoni. Scolastica alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yakapotea.

"Alikuwa mgongoni?" akauliza.

Mwiko ukasimama.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Siku ile shambani. Deo alikuwa mgongoni?"

Lidia akasonga tena kidogo, akaepua sufuria, akaiweka chini taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Alikuwa mgongoni."

"Sema."

"Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi. Nikawafukuza. Malale akaja anapiga kelele kwamba nimempiga ng'ombe mwenye mimba. Akainua fimbo. Mimi nikageuka kukimbia, mama, na nilipogeuka nikajua upande wa fimbo hapakuwa na mimi tena. Alikuwepo Deo. Nilikuwa nafyeka nyasi. Panga sikulichukua popote. Lilikuwa mkononi tayari."

"Na Kasimiri?"

"Alisikia kelele, akaja mbio. Akaninyang'anya panga. Akasema, 'Wewe unanyonyesha, ukiingia gerezani unaingia na mtoto. Mimi nitakana, hawana ushahidi, nitatoka.' Tukakubaliana hivyo. Akambeba Malale. Kule zahanati wakamkamata. Halafu ukapeleka jembe. Akaona kesi inamwangukia. Na wewe huachi kwenda Magamba kuuliza. Akaogopa utanifikia. Ndiyo maana anataka kukiri, mama. Liishe kabla hujafika kwangu."

Sasa Scolastica akaelewa. Mwanawe hakumkataa kwa hasira. Alimfungia mlango ili asione kilichomo ndani.

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kumshika mkwewe mkono, wakakaa, wakatafuta mtu wa kuwashauri. Fimbo iliyoinuliwa juu ya mtoto si jambo dogo mbele ya hakimu. Lakini mama mwenye uchungu wa mwana mmoja huwa hamwoni mtoto wa mwenzake.

"Kwa hiyo mwanangu anaozea ndani," akasema, "na wewe kila siku unajinyoosha kwenye kitanda chake."

"Sijalala, mama. Tangu siku ile sijalala."

"Ungekuwa mwanamke wa kweli ungekuwa umeshakwenda kusema."

Lidia akapakua ugali, akamtengea mama mkwe lile fungu kubwa, akalifunika kwa sahani. Akaingia ndani na mtoto. Hakuna aliyekula.

Jumapili asubuhi Scolastica aliamka amejaa aibu. Aliyoyasema jana yalikuwa bado mdomoni, machungu. Akaenda kugonga kwa Lidia. Kimya. Akasukuma mlango. Kitanda kimetandikwa, na nguo za mtoto hazipo kwenye kamba.

Amekwenda misa ya kwanza, akajiambia. Akachukua ufagio, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Simu ikaita. Namba haijui.

"Mtani, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Sajenti Rafaeli, naye alikuwa anahema. "Namba yako nimeitoa hapa mlipojiandikisha. Mkwe wako alikuwa hapa."

"Alikuwa? Sasa yuko wapi?"

"Nisikilize kwanza. Kaja kumtembelea mumewe kama watu wote. Nikamwita kijana. Wakaongea pale kwenye wavu, mara kijana akaanza kupiga kelele, anatikisa wavu, 'Lidia, usiende! Lidia, rudi!' Mama, mimi nimesikia maneno ambayo askari hapaswi kuyasikia. Huyu mwanamke akaja kwangu, ametulia kabisa, ananiambia, 'Afande, mnayemtafuta ni mimi, nifungulie niingie, yeye atoke.' Nimemwambia hapa hatupokei mtu aliyejileta. Mambo hayo yanapelekwa polisi. Basi ndiko alikoelekea, kwa miguu, na mtoto wake mgongoni."

Ufagio ukaanguka.

"Mtani, upo?"

"Nipo."

"Kijana tumemtuliza, ila kwa shida. Anataka kukuona. Amesema mara kumi, niitieni mama. Mimi nakuahidi dirisha, njoo hata sasa hivi. Lakini nikuambie anachokitaka." Sajenti akashusha sauti. "Anataka umkimbilie huyo mwanamke kabla hajafika. Umrudishe nyumbani. Anasema Jumatatu hii yeye amekwishajiandaa, na kwamba wewe peke yako ndiye unayeweza kuwaokoa mkewe na mtoto."

Simu ikakatika. Salio la sajenti, au moyo wake.

Scolastica alikimbia mpaka barabarani bila viatu. Bodaboda ya kwanza akaisimamisha kwa mwili wake. Akapanda, akamshika dereva kiunoni kama anayezama.

"Mama, taratibu! Tunakwenda wapi?"

Kule gerezani mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya wavu, kwa mara ya kwanza anamwita. Akienda huko atamwona uso. Atamsikia sauti. Lakini kila dakika atakayokaa pale dirishani, Lidia anapiga hatua.

Na akimwahi Lidia akamrudisha, mwanawe kesho ni mfungwa. Na akimwacha afike, mjukuu wake usiku huu anaweza kulala mahabusu kwenye ziwa la mama yake.

"Mama! Gerezani au polisi?"

"Polisi," akasema Scolastica. "Polisi, haraka!"

Pikipiki ikaruka. Upepo ukamvua kitambaa kichwani, hakugeuka kukiangalia. Walipoingia lami akamwona Lidia kwa mbali, amekwishapita Majengo, amekwishafika kwenye ngazi za kituo, mguu mmoja juu. Scolastica akafungua mdomo amwite.

Na mpaka sauti inamtoka, alikuwa bado hajajua kama anakwenda kumzuia, au kumpokea mtoto.